Mpokea Waya

Waya ulipokelewa upande wa pili, na gari halikuwa na mtu. Ndivyo balaa lilivyoanza, na fundi Besi alijua tangu dakika ile linatoka wapi, ingawa alijitia hajui.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kila siku. Alikuwa akifunga muziki kwenye gari la mteja, na muziki mkubwa hautosheki na umeme wa redio. Unataka waya wake wenyewe, mnene, utoke kwenye betri, upenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva, kisha upite chini ya zulia mpaka kwenye amplifaya huko nyuma kwenye buti. Ukifanya kazi hii peke yako, hapo kwenye bati ndipo pa kutukania. Unausukuma waya kutoka upande wa injini, wenyewe unajikunja nyuma ya dashibodi, unazunguka mbio kwenda kuuvuta, ukifika waya umesharudi ulikotoka. Besi alikuwa ameinama chini ya boneti akisukuma na kunung'unika, mara waya ukawa mwepesi mkononi. Ukaenda taratibu, kisha ukavutwa mara mbili, kama mtu anayesema nimeupata.

Alizunguka kuangalia. Milango ilikuwa imefungwa. Waya ulikuwa umelazwa chini ya zulia, umenyooka vizuri kuliko alivyowahi kuunyoosha yeye, na ndani mlikuwa na harufu ndogo ya mpira ulioungua.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyevuta waya namna ile. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na alizikwa mwaka uliopita.

Walimwita Kidole, kwa sababu vidole vyake virefu vilipita nyuma ya dashibodi ambako mkono wa Besi, uliojaa kama mkate, hauingii. Besi alisukuma, Kidole alipokea. Besi alikuwa na kelele na wateja, Kidole alikuwa na kazi. Kabla waya haujapita, Kidole alikuwa na swali lake lile lile ambalo lilimchosha kaka yake: "Mpira uko wapi?" Tundu la bati lina makali kama wembe. Usipolivisha mpira wa mviringo, gari likitetemeka barabarani bati linakula ganda la waya kidogo kidogo, na siku shaba itakapogusa bati, ni moto.

Siku ya mwisho ya Kidole, mipira ilikuwa imeisha. Mteja alikuwa akipiga simu, Kidole ametoka kufuata vifaa, Besi akaona ya nini kupoteza muda. Akatoboa, akapitisha waya kwenye tundu kavu, akauzungushia utepe, na fyuzi ya kwenye betri, ya kukata umeme waya ukigusa bati, nayo hakuiweka. Kidole aliporudi akapewa ufunguo alipeleke gari kwa mwenyewe. Akauliza swali lake. Besi akamjibu, "Upo, nenda."

Moto ulimkuta njiani. Ulianzia miguuni, na milango ya gari lile ilikuwa ya umeme. Umeme ulipoungua, haikufunguka.

Msibani, mbele ya mama yao na mke wa marehemu, Besi alimwangushia jumba bovu mtu asiyeweza kujibu. Alisema kazi ile aliifanya Kidole mwenyewe, kwa haraka zake. Watu wakatikisa vichwa. Mjane akainua uso akasema mume wake hata pasi alikuwa hamruhusu kuichomeka kabla hajakagua waya. Wakamwambia anyamaze, ni uchungu tu huo. Akaendelea kukaa kwenye chumba cha uani, nyumba hiyo hiyo ya mama mkwe ambamo Besi naye aliishi, na kila aliyetaka kuwafundisha watoto uangalifu alimtolea mfano mume wake, yeye akisikia. Mimi ninayesimulia simwonei Besi huruma, na sikuombi umwonee.

Baada ya ule waya kupokelewa, mambo hayakutulia. Spika zilizokaa rafuni bila waya wowote zilianza kupumua mchana kweupe, pumzi ndefu za mtu aliyebanwa na moshi. Wateja wakafikiri ni feni mbovu. Besi alijikaza kisabuni, akacheka nao, akahamisha spika, akaleta feni nyingine. Siku moja akiwa peke yake, ameegemea rafu akila mchana, sauti ikatoka kwenye spika iliyo karibu na sikio lake, ya chini, bila hasira: "Mpira uko wapi, kaka?"

Chakula kilimshinda. Hata hivyo hakumwambia mtu, maana angemwambia nini?

Sasa, Besi alikuwa na binti mmoja tu, mkunga, na huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Alikuwa na kigari kidogo cha kwendea zamu zake, na baba yake alikuwa amemfungia muziki kama zawadi. Kazi ile Besi aliifanya kwa mapenzi: tundu alilipiga tupa, mpira akauvisha, fyuzi akaiweka. Kwa hiyo binti alipofika uani jioni moja akasema, "Baba, gari linanuka moshi," Besi alifungua boneti akiwa na uhakika atakuta kitu kingine.

Mpira haukuwepo. Waya ulikuwa umelala juu ya makali ya bati na ganda lake limeanza kukatika.

Akavisha mpira mwingine. Kesho yake haukuwepo. Akauvuta waya wote, akaukunja, akaufungia ndani ya kabati na ufunguo akauweka mfukoni, na asubuhi akaukuta umerudi mahali pake, umepita kwenye bati, umelazwa chini ya zulia kwa unadhifu ule ule, nao umekatwa ganda zaidi ya jana. Akamnyang'anya binti ufunguo bila kumweleza sababu, wakagombana, binti akaenda kazini kwa miguu akiwa amenuna. Akatoa betri akaiweka chini ukutani, na gari lisilo na betri likakaa pale uani mbele ya dirisha la mjane likinguruma ndani ya spika zake kutwa nzima, huku mama yao akiuliza kwa nini hawazimi hiyo redio.

Hapo ndipo Besi alipomwita mganga. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi, asiyependa maneno mengi. Alianza kisomo chake jioni ile ile, wakati bado kuna mwanga, akafungua milango yote minne, akafukiza ubani kwenye viti, akasoma. Kisha akatega sikio kwenye dashibodi kama daktari.

"Hili si jini la kutumwa," alimnong'oneza Besi. "Kila mtu huzaliwa na jini wake wa kumfuata. Mtu akizikwa na uongo, wa kwake hapumziki. Nani amezikwa na uongo humu?"

Besi akasema hajui. Mama yao alikuwa ameketi kwenye ngazi, mjane amesimama mlangoni kwake, na wote wawili walikuwa wakisikiliza.

Wakati huo binti alirudi kutoka zamu. Hakuwa na habari ya mganga wala ubani. Aliona milango wazi, akaona viatu vyake vya kazi chini ya kiti, akaingia kuvichukua, na kabla Besi hajafungua mdomo milango yote minne ikajifunga kwa pamoja, vitasa vikazama, na kutoka chini ya dashibodi, pale miguuni, moshi mweusi ukaanza kupanda polepole, katika gari ambalo betri yake ilikuwa chini ukutani na kila mtu anaiona, huku binti akigonga kioo kwa kiganja na kusema baba, baba, na baba yake akivuta kitasa kwa nguvu zake zote, akipiga kioo kwa jiwe, jiwe likirudi kana kwamba limepiga mlima, na spika zikanyamaza, kisha zikauliza.

"Mpira uko wapi, kaka?"

Mama yao alisimama. Alikuwa ameijua sauti.

"Anakuuliza wewe," mganga akasema. "Mjibu. Mimi sina kisomo cha kumnyamazisha mtu anayetaka jibu."

"Upo," Besi akasema.

Lilimtoka kwa mazoea, lile lile alilolisema siku ile. Moshi ukajaa mpaka uso wa binti ukapotea, kikabaki kiganja kwenye kioo.

"Haupo!" Besi akapiga magoti. "Haukuwepo. Tundu nilitoboa mimi, waya nilipitisha mimi, na ulipouliza nilikudanganya. Msibani nikadanganya tena. Mdogo wangu, hukukosea kitu."

Vitasa vikainuka. Milango ikafunguka, binti akaanguka nje akikohoa, na mjane ndiye aliyefika kwanza. Alimlaza kifuani, akamfuta masizi usoni kwa mtandio wake, akamnywesha maji.

Mama yao hakulia. Alimtazama mwanawe aliyebaki kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Mganga alisema marehemu aliyepata jibu anaweza kuagwa aende zake, lakini wa kumuaga ni mke wake, si mwingine. Neno moja tu linatosha. Besi alijikokota kwa magoti mpaka miguuni kwa mjane.

"Shemeji, mwambie aende. Nimeshasema ukweli."

"Umesema kwa sababu aliyekuwa ndani ni binti yako," mjane akamjibu. "Alipokuwa ndani mume wangu, uliweza kukaa kimya mwaka mzima."

Aliligeukia gari. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwagizia mtu kitu anapotoka asubuhi.

"Mume wangu, huyu mtoto muache, hana kosa. Kaka yako usimwache."

Ndani ya gari spika zikakwaruza kidogo.

"Sawa, mke wangu."