Tundu la Duara

Nilikuwa nafunga kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, jua linazama, shemeji akapiga simu. Ni mjane wa marehemu kaka. Kaka tulimzika mwezi uliopita, baada ya kukohoa miezi mitatu.

"Shemeji, pitia hapa nyumbani. Kompyuta ya kaka yako inaandika yenyewe. Nizimie lile tundu la kibodi ya zamani, lile la duara."

Kazi ya dakika tano, nikajisemea. Ningejua!

Kompyuta ilikuwa chumbani kwa kaka, pamoja na harufu ya dawa yake ya kuchua kifua. Kijino, binti yao wa miaka mitano, alikuwa sakafuni anachora. Nilichungulia nyuma ya mashine. Tundu la duara lilikuwa tupu, vumbi tu. Nikachomeka kibodi yangu kwingine, nikaingia kwenye BIOS, ile menyu ya kuamulia tundu lipi lifanye kazi na lipi lilale. Nikalizima, nikahifadhi, nikawasha upya.

Kwenye ukurasa mweupe wa kuandikia, uliofunguka wenyewe, herufi zikaanza kujitokeza. Moja... moja...

kisirani

Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyeniita hivyo, kwa sababu ya hasira zangu.

"Zima, shemeji," akaninong'oneza mjane wa kaka, karibu kabisa na kisogo changu.

Nikarudi kwenye menyu. Tundu liko wazi, kana kwamba sijaligusa! Nikalizima tena. Nikahifadhi. Nikachomoa umeme, nikahesabu hadi kumi, nikachomeka.

kisirani usizime sikufa kwa kifua

Niliogopa, kisha woga ukageuka hasira, ndivyo nilivyo. Nani huyu anayechezea msiba wetu? Nikaingia tena kwenye menyu. Wazi! Nikaipiga meza ngumi, Kijino akashtuka, kalamu ikamtoka mkononi.

"Betri ya bodi imekufa," nikafoka. "Ndiyo maana inasahau kila ninachoiambia."

Nilikuwa nayo mpya kwenye begi. Nikawasha mashine mara ya mwisho, nihakikishe. Safari hii herufi zilikuja kwa pupa.

sasa anamtaka kijino ni

"Zima!" shemeji akapiga ukelele. "Mtoto asije akasoma!"

Nikazima.

Nikabadilisha betri, nikalifunga tundu kwa mara ya tatu. Ukurasa ukabaki mweupe. Dakika kumi, mweupe. Shemeji akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msibani.

"Ahsante, shemeji. Umenitua mzigo."

Nilishafika kwangu, nanawa mikono, ndipo nikaganda, maji yanamwagika tu.

Wateja wangu wote husema kompyuta imeingia virusi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia tundu. Shemeji mwenyewe hata kuwasha printa humshinda, alijuaje maneno yanapitia wapi?

Na Kijino hajaanza kusoma.

Kaka alikuwa anakaribia kutaja jina. Mimi na hasira zangu tukamziba mdomo.

Nikarudi mbio, betri ya zamani mfukoni. Labda nikiirudisha, labda nikilifungua lile tundu... Nikagonga mlango. Nikagonga tena.

"Ile kompyuta nimeshaigawa, shemeji," akasema kutoka ndani, taratibu, bila kufungua.

"Umempa nani, saa hii?"

Nikaegemeza sikio mlangoni.

"Basi nipe Kijino akalale kwangu leo. Leo tu, shemeji, nakuomba."

"Kijino amelala."

Hakuwa amelala. Nilimsikia hapo hapo nyuma ya mlango, akikohoa. Kikohozi kikavu, cha mara tatu tatu, kama cha baba yake.

Kisha komeo likasukumwa kwa ndani, mlango ukakazwa.