Shahidi wa Benedicta

Maiti ya Bartholomeo Mhema ilionekana asubuhi, kwenye mfereji nyuma ya kiwanda cha chai, karibu na Igowole. Fuvu lilikuwa limepasuka. Wachumaji walioiona walitupa vikapu, wakakimbia kwenye ukungu huku wakipiga yowe.

Kufika mchana, hakuna aliyethubutu kutembea peke yake. Loo, nani angethubutu? Kila mtu alijua marehemu alikuwa aende wapi kesho yake.

Inspekta Anyitike, aliyehamia Iringa kutoka Mbeya mwaka ule wa 1974, naye akaelezwa. Bartholomeo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Kisheria, mwajiri hamfukuzi mtu kazi kabla kamati haijakaa na kumsikiliza. Benedicta, mchumaji, alifukuzwa. Akashtaki. Baraza la Usuluhishi lilikuwa lisikilize kesi yake mjini Iringa, na Bartholomeo ndiye aliyekuwa shahidi wake.

"Shahidi gani, afande?" alisema Liberatus, afisa utumishi wa shamba, kijana nadhifu mwenye tai. "Kamati ilikaa, na marehemu angesema hivyo hivyo. Yule mama kajua, akammaliza. Mtieni pingu kabla hajatoroka."

Benedicta alikutwa amejifungia jikoni kwa jirani.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Nani alikuona?"

"Wanangu tu."

"Mbona unajificha?"

"Kamati haikukaa! Wajumbe wanalijua hilo, ila wameingiwa na woga, wote eti wamesahau. Aliyekubali kusema ni yeye peke yake, na huyo kesha kufa. Jamani, si nafuata mimi?"

Anyitike alifunga daftari, akiwaza. Mwanamke aliyegombana na kampuni, hana wa kumtetea zaidi ya watoto wake: angenyongwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Alikwenda karakana kutafuta ubao wa kubebea maiti. Fundi seremala, Filemoni, alikuwa ameshaegemeza jeneza ukutani. Hilo halikuwa ajabu. Kule mashambani mwajiri ndiye humzika mfanyakazi wake: jeneza, blanketi na lori. Anyitike aligusa jeneza. Rangi ilikuwa imekauka kabisa, na katika ukungu ule hata shati halikauki kwa nusu siku.

"Fundi, hili umelipaka rangi lini?"

"Jana mchana, mzee."

"Jana? La nani?"

"Bwana Utumishi alisema la akiba. Akasisitiza liwe refu."

Bartholomeo alikuwa mrefu kuliko watu wote pale shambani. Filemoni alisikia mwenyewe alichokisema, nyundo ikamdondoka.

Liberatus aliitwa ofisini.

"Jeneza lile la nani?"

"La akiba, afande."

"Refu hivyo?"

Liberatus aligeukia dirisha.

"Bwana Liberatus, jana mchana nani alikuwa amekufa?"

Jasho lilimtoka kijana yule katika baridi ile. Akalegeza tai, akakaa bila kukaribishwa.

"Nilitaka azikwe asubuhi hii hii, kabla hamjafika," alisema. "Ningesema ameteleza."

"Kwa nini umwue?"

"Nilimdanganya meneja kwamba kamati imekaa. Na meneja aliapa, atakayeiaibisha kampuni mbele ya Baraza ataondoka siku hiyo hiyo. Nilimsihi mzee aseme ilikaa, akakataa. Nikaona kazi inaniponyoka. Nikamwita nyuma ya kiwanda, nikampiga kwa spana. Akaniuliza, 'Mwanangu, nimekukosea nini?' Nikampiga tena."

Anyitike alishindwa kumtazama.

"Unajua Baraza lingefanya nini?"

"Lingenifunga."

"Lingeamuru mama yule arudishwe kazini. Basi. Ungekiri kosa, ukamwomba radhi, ukaenda zako kulala."

"Basi?" aliuliza Liberatus. "Ni hilo tu?"

Benedicta alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake wajumbe wa kamati walibanana, kofia mikononi.

"Afande," alisema, "mimi kesho naenda na nani? Shahidi wangu amelala pale."

Anyitike alimfunga Liberatus pingu, akamgeuza aelekee mlangoni.

"Utakwenda na huyu. Haya, mwambie mama."

"Kamati haikukaa," alisema Liberatus.

Na wajumbe wote, mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka.