Koti la Mama Vernell

Latrice Tillery alikuwa jikoni akimsuka nywele mama yake, Vernell. Sukuma wiki ilikuwa ikichemka pamoja na nyama ya moshi.

"Mama, Jumamosi ijayo shule itawaheshimu," alisema Latrice. "Wewe na Mama Ozella. Mlikuwa watoto weusi wa kwanza kusoma na wazungu katika mji huu. Mtapita mlango wa mbele. Watu watapanga mistari miwili, huku na huku, wakiwapigia makofi."

Mama Vernell akasema, "Siendi."

"Mama, keki imeshaagizwa."

"Basi ileni."

Latrice alitoka kwa hasira. Alikwenda kwa jirani yao, Kaka Pettway, mwalimu mstaafu na mkuu wa mapokezi kanisani, ambako wote walimwita Kaka. Alimkuta barazani akila njugu za kuchemsha.

"Mama ni mkaidi kama punda," alisema Latrice.

"Na punda huzaa punda," alijibu Kaka Pettway. "Kaa hapa. Ulimuuliza anataka nini?"

"Kuuliza nini? Nani anakataa heshima?"

Kaka Pettway aliweka bakuli chini. "Siku ile ya kwanza, mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Watu walipanga mistari miwili vilevile, huku na huku. Hawakupiga makofi. Walimtemea mate mama yako, naye alikuwa na miaka kumi na minne tu."

Latrice aliona aibu. "Hajawahi kuniambia."

"Ni mambo mazito, mwanangu. Kumheshimu mtu si kumfanyia linalokupendeza wewe. Muulize kwanza. Angependa kupita wapi? Akae na nani? Anataka kusema neno? Akikataa, kubali. Tena, muulize ni nani waliomsaidia. Hao nao mara nyingi husahauliwa."

Kuuliza si ujinga, lakini sisi tukishaagiza keki hujiona tunajua yote. Latrice alirudi nyumbani, akaketi karibu na mama yake.

"Nisamehe, Mama. Wewe ungependa iweje?"

Mama Vernell alimgeukia. "Watu wawe wamekaa, na wawe kimya. Niingie na Ozella, tumeshikana mikono. Na Mozelle Gaines akae mbele. Kila jioni ndiye aliyenifulia koti mate yakatoka. Mwaka mzima sikulivua darasani, hata wakati wa joto. Nilitaka niwe tayari kukimbia."

Latrice alilia. Siku iliyofuata aliwaeleza watu wa shule, nao wakakubali kubadili mpango.

Jumamosi, Mama Vernell alifika amevaa koti jipya, limefungwa vifungo vyote. Ukumbi ulijaa, na watu wote walikuwa wamekaa kimya. Wale wawili waliingia wameshikana mikono. Hakuna aliyewasogelea. Mbele kabisa, Mozelle Gaines aliwangoja kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Umechelewa, Vernell," alinong'ona.

"Ozella alikuwa anatafuta kofia yake."

Mozelle alicheka, na Ozella akacheka. Mama Vernell alivuta pumzi ndefu, akaugeukia mlango nyuma yake. Ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu wa kumkimbia. Akaanza kufungua vifungo, kimoja baada ya kingine.

"Latrice," alisema, "nishikie koti. Humu ndani kuna joto."