Mshenga Ameshapita Makambako

"Simama wima, Bupe! Nikikuchoma na pini usinilaumu."

Komal alikuwa amebana pini kwa meno, mikono yote miwili ikihangaika na kilemba kichwani kwa rafiki yake. Baba yake ana duka la vitambaa Iringa mjini, kwa hiyo sherehe ilipopangwa, yeye ndiye aliyebebeshwa mzigo wa vitenge na mawigi. Sherehe yenyewe waliipa jina Siku ya Mashangazi. Kila aliyekuja kambini, mwanamume kwa mwanamke, sharti avae kama shangazi anayekwenda kicheni pati. Hujavaa, huli nyama choma.

Jumamosi ile jua la Idodi halikuwa na mchezo. Kundi lilikuwa limetoka Mbeya jana yake kuja kupiga kambi pale, njia ya kwenda Ruaha, na watu wa baridi walikuwa bado wamejifunga masweta viunoni.

"Komal," Bupe alisema kwa sauti ndogo. "Mbona Sedekia anang'oa hema lake?"

Komal aligeuka. Kweli, Sedekia alikuwa amepiga magoti anakunja hema, na hata hamtazami mtu.

"Umemfanya nini? Jana njia nzima kaimba mpaka tukamwomba apumzike. Leo asubuhi mmepanda kilima pamoja, mmeshuka kila mtu na njia yake."

"Sijamfanya kitu! Kule juu aliniambia anataka kutuma mshenga kwetu Tukuyu."

Komal alitema pini zote. "Na wewe ukajibu nini?"

"Machozi yalinijaa, maneno yakanikimbia. Nikasema tu 'ndaga'. Halafu aibu ikanishika, nikateremka mbio."

"Ndaga ndiyo nini?"

"Asante! Kwetu ndiyo asante."

Komal alikunja uso, akafikiri kidogo, kisha akapaza sauti. "Gwakisa! Hebu njoo hapa!"

Gwakisa, Mnyakyusa mwenzake Bupe na MC wa kujipachika, alikuja akitingisha kifua alichokijaza soksi, mkoba mkubwa begani.

"Sedekia amekuuliza neno lolote la Kinyakyusa leo?"

"Ndiyo. Kaniuliza ndaga maana yake nini. Nikamwambia ni pole."

"Pole?" Bupe alipiga kelele.

"Si nilikuwa nimejigonga kidole na nyundo, na wewe mwenyewe ukapita ukaniambia ndaga! Kauliza, nikamjibu. Kosa langu liko wapi?"

Kosa halikuwepo. Kwa Wanyakyusa ukipewa kitu ni ndaga, na ukiumia ni ndaga vilevile. Wenyewe wanaelewana. Sedekia, Mhehe wa watu, angejuaje?

"Lugha gani hiyo, asante na pole neno moja?" Komal alishangaa.

Bupe hakucheka. Sedekia ni fundi wa umeme wa jua. Walijuana alipokuja kufunga taa kwenye kibanda chake cha nguo Mwanjelwa. Tangu siku hiyo alikuwa hakosi sababu ya kuja kuikagua taa isiyo na ubovu wowote. Muda wote huo Bupe alikuwa akiomba Mungu amfungue yule mwanamume mdomo, na leo ulipofunguka, yeye ndiye aliyemfukuza kwa neno lake mwenyewe.

Alimfuata Sedekia, akamkuta amekaa juu ya hema lililokunjwa. Alikuwa amejitanda kitenge cha zambarau, wigi kichwani, midomo imepakwa rangi nyekundu.

"Sedekia, unaondoka?"

"Nikishakula na wenzangu. Nilishaahidi kuvaa, nimevaa." Aliliweka wigi sawa. "Baadaye natafuta usafiri."

"Unawahi nini?"

Alimpa simu asome mwenyewe. Alikuwa amemwandikia mama yake:

*Mama mwambie baba mkubwa asiende Tukuyu. Bupe amekataa.*

Chini yake kulikuwa na jibu:

*Ameondoka alfajiri mwanangu. Ameshapita Makambako na simu yake imeisha chaji. Yeye anajua binti ameshakubali.*

"He! Ulimtuma mshenga kabla hujaniuliza?"

"Nilikuwa na uhakika," Sedekia alisema, akitazama chini. "Nikapanga nikuulize asubuhi, yeye afike jioni. Nikajiona bingwa. Sasa mzee wa watu anakwenda kuaibika kwenu kwa sababu yangu."

"Sedekia, ndaga maana yake ni asante."

"Gwakisa kasema ni pole."

"Ni pole pia."

"Bupe, chagua moja."

"Kwako ilikuwa asante! Nilifurahi mpaka nikalia!"

Alitikisa kichwa taratibu. "Mtu aliyefurahi halii vile na kukimbia. Wewe umesikia mzee yuko njiani, umenionea huruma. Mimi nakupenda, Bupe, lakini ndoa ya huruma siitaki. Nitaishia kukuuliza mpaka uzeeni kama kweli ulinitaka."

Bupe alimrudishia simu. Amwapie kwa nini tena ili aaminike? Hapo simu yake mwenyewe ikaita. Kwenye kioo paliandikwa BABA.

Wote wawili waliitazama. Mzee Benjamini, yule baba mkubwa, alikuwa ameshafika.

Komal na Gwakisa walisogea, na wengine nyuma yao, maana habari za kambini hazina mwenyewe. Bupe alivuta pumzi, akaweka sauti ya nje.

"Kaa hapo usikie mwenyewe," alimwambia Sedekia. "Baba yangu sijawahi kumdanganya."

"Bupe," sauti ya Mzee Anyitike ilisikika, nzito.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hapa sebuleni nina mgeni, mzee ametokea Iringa. Anasema kwao wameona ua kwenye bustani yangu. Nikamwambia bustani ni yangu, lakini ua hilo lina mdomo. Watu hawa unawafahamu? Kama huwafahamu sema tu. Tutampa chakula, atalala, kesho atarudi kwao kwa heshima."

Sedekia aliinamisha kichwa.

"Nawafahamu, baba."

"Sema kwa nguvu, mzee asikie."

"Nawafahamu!" Bupe alipaza sauti mpaka ndege wakaruka mtini. "Kijana wao anaitwa Sedekia. Nampenda, baba. Nimemsubiri siku nyingi aseme. Sijalazimishwa, na simwonei mtu huruma. Mpokee mgeni!"

Kutoka Tukuyu vilisikika vigelegele vya mama yake. Kambini Gwakisa alianza kurukaruka, soksi zikamwanguka kifuani moja moja. Sedekia alikuwa amefunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakitikisika.

"Umesikia?" Bupe alimuuliza.

"Nimesikia."

"Sasa mbona unalia?"

"Nimefurahi."

"Kumbe mtu akifurahi analia, eh?"

Sedekia alicheka katikati ya machozi, akamshika mkono, na safari hii hakuuliza kitu.

"Huyo kijana yuko karibu?" Mzee Anyitike aliuliza. "Kaka yako amenionyesha pa kubonyeza ili nione mtu. Ngoja."

Kwa furaha Bupe alipokea video bila kufikiri. Kwanza lilitokea paji la uso la mzee, kisha jicho moja, kisha uso wote. Uso ule ukatulia kabisa.

"Bupe, shangazi huyu ni nani?"

"Ndiye, baba."

"Ndiye nani?"

"Shikamoo mzee," Sedekia alisema kwa sauti yake nene, akainama kwa adabu. Wigi likadondoka.

Mzee Anyitike aliigeuza simu polepole. "Mzee Benjamini, hebu tazama. Kijana wako ni huyu mwenye rangi ya mdomo?"

Mzee Benjamini aliisogelea, akavaa miwani, akatazama kwa muda.

"Sura ni yetu," alisema. "Ila sisi mara ya mwisho tulimwacha na suruali."

Kambi nzima iliangua kicheko. Bupe peke yake hakucheka, maana baba yake alikuwa bado hajacheka. Mzee alikohoa.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Mwezi ujao uje hapa mwenyewe, pamoja na wazee wako. Uje na suruali."

"Nitakuja, mzee. Samahani sana."

"Na hicho kitenge usikitupe. Mama mkwe wako anauliza kinauzwa wapi."