Mpiga Ngoma Hapimwi Mikono Chini

Kila siku akitoka shule, Chiriku alitupa begi lake chini ya meza ya kukatia vitambaa, akavua viatu, akaanza kuongea. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza ila akiwa usingizini, na hata huko, Bibi aliapa, alikuwa akinung'unika. Kazi yake pale chumbani ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa kipande cha sumaku kilichofungwa uzi. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao haukukaa bure.

Bibi alikuwa kinyume chake. Alikuwa fundi cherehani, na muda mwingi alishika pini kwa midomo huku akibana pindo la nguo. Ukimuuliza jambo, alikujibu maneno mawili matatu yaliyoweza kupenya kati ya pini.

"Bibi, leo nimekuwa wa tatu kwenye hesabu!"

"Mm. Mlifanya wangapi?"

Chiriku aliisogelea pini moja iliyojificha chini ya cherehani. "Wanne. Wengine walikuwa mazoezini."

"Hongera," alisema Bibi, na pini zikacheza mdomoni.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili aliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi. Kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyewahi kuishi mtaani kwao, na pembeni mwa kila habari aandike jina la aliyemwambia. "Habari isiyo na mwenyewe ni uvumi," alisema. Kalamu yake nyekundu ilikuwa na swali moja tu: *Nani kasema?* Ndiyo maana wanafunzi walimwita Mwalimu Nani Kasema, kwa siri ambayo mwenyewe aliijua siku nyingi.

"Mimi ninamchukua Radi," alisema Chiriku kabla mwalimu hajamaliza.

Darasa zima liliguna. Radi alikuwa mpiga ngoma ambaye hakuna redio iliyomkosa. Alipiga ng'ambo, alipiga nyumbani, na watoto walijifunza kugonga madawati kwa kumwiga. Na nani asiyejua kwamba mashati yake ya jukwaani yalishonwa miaka thelathini na bibi yake Chiriku?

"Wewe umeshamaliza," alisema Kifutio, aliyekaa naye dawati moja. Aliitwa hivyo kwa kuwa alifuta zaidi ya alivyoandika. "Una kisima uani. Mimi ninamwandika yule golikipa wa zamani anayeziba pancha pale kona, na ukimuuliza swali anakwambia umshikie tairi."

Kumbe kisima nacho kinataka kamba. Jioni hiyo Chiriku alikaa na daftari mbele ya Bibi.

"Bibi, nielezee maisha ya Radi."

"Alikuja. Nikampima. Nikashona. Akavaa."

"Halafu?"

"Akaenda kupiga ngoma. Nipe mkasi."

Siku ya pili alijaribu tena, akaambiwa asubiri Bibi amalize sare za kwaya. Sare zilikuwa ishirini na nne. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba, na kamba ile ilipiga chini, tap, tap, kama inayomwita kwa jina. Chiriku alilifunga daftari. Hakulifungua tena hadi Jumapili mchana, siku moja kabla ya kukabidhi, na alipolifungua lilikuwa na sentensi nne tu.

Basi akaketi, akaramba ncha ya kalamu, akatunga. Radi alizaliwa wakati wa ngurumo, akampiga mkunga makofi ya mdundo. Alipokuwa na miaka saba alipotea msituni siku tatu, na mvua ndiyo iliyomfundisha kupiga ngoma. Mara ya kwanza jukwaani alipiga hadi ngoma ikapasuka na watu wazima wakalia. Ilikuwa habari tamu. Yeye mwenyewe alikaribia kulia. Kisha akafika pembeni, mahali pa *Nani kasema?* Kalamu ilisita kidogo. Akaandika: *Bibi yangu, fundi wake wa nguo.*

Jumatano mwalimu aliingia darasani na tabasamu asilolizoea. Insha ya Chiriku ilikuwa ya kwanza. Darasa lilipiga makofi, na Chiriku akainuka kuyapokea.

"Subiri, kuna kubwa zaidi," alisema mwalimu. "Jumamosi tunafungua chumba cha muziki, nawe utaisoma mbele ya wazazi wote. Na mgeni wetu wa heshima ni Radi mwenyewe. Nimemwandikia bibi yako barua. Atakaa mbele, kiti kwa kiti na mgeni, maana habari zote hizi ni zake."

Chiriku aliketi.

"Mbona umekuwa rangi ya chaki?" alinong'ona Kifutio. "Leo hata kuringa huringi? Utakuwa mgonjwa."

Alipofika nyumbani barua ilikuwa imemtangulia. Bibi alikuwa ameibandika ukutani kwa pini mbili, juu ya kalenda, na kila mteja aliyeingia alielekezwa kuitazama. Gauni lake la bluu lilikuwa limeshatoka sandukuni, linaning'inia dirishani likipunga upepo.

"Miaka yote hii," Bibi alimwambia mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi, "watu wanamwandika Radi kwenye magazeti, hakuna aliyewahi kuja kuniuliza mimi. Mjukuu wangu ndiye kaniuliza."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko pini zote alizowahi kuzikanyaga. Alhamisi jioni akaokota pini kimya kimya hadi Bibi akamshika kipaji cha uso kuona kama ana homa.

"Bibi," alisema mwishowe, "hivi Radi aliwahi kupotea msituni?"

"Msitu gani? Yule alikuwa anapotea kutoka hapa hadi dukani."

Bibi alikuwa amepakata koti jeusi lililokwisha kushonwa, na sasa alikuwa akifumua bega lake, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Si umeshalimaliza hilo?"

"Mkono mmoja umekaa vibaya. Upana wa kucha hivi."

"Nani atauona, Bibi?"

"Mwenye koti. Akiinua mkono, litamwambia lenyewe." Bibi aliunyoosha uzi uliotoka, akautupa. "Na nikinyamaza, ataaibika yeye mbele za watu kwa kosa langu mimi."

Chiriku akaangua kilio. Kati ya kwikwi na kamasi akalitoa daftari, akalisoma lote: mkunga, msitu, ngoma iliyopasuka. Alipofika pembeni, palipoandikwa *Bibi yangu*, akamgeuzia ukurasa.

Bibi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Zilikuwa sita. Chiriku hakuwahi kuzihesabu kabla ya siku hiyo.

"Kwa hiyo Jumamosi ningekaa pale na gauni langu la bluu," alisema polepole, "Radi ananitazama, na mimi ndiye muongo."

"Ndiyo, Bibi."

"Umenivika nguo ambayo sikupimwa, mjukuu wangu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu. Alilikunja koti magotini, akatazama barua ukutani, kisha akamtazama mjukuu wake aliyelowa hadi kidevuni, na uso wake ukalegea.

"Asubuhi utakwenda kwa mwalimu wako. Peke yako. Mimi sikushona, sifumui. Halafu ukirudi, njoo na daftari, na mimi nitakuwa sina pini mdomoni. Na hapo nina kosa langu pia: mtoto alikuja na swali, nikamtuma mkasi."

Ijumaa, kabla kengele haijalia, Chiriku alisimama mbele ya meza ya mwalimu, akaliweka daftari juu yake. Alitaka kueleza kwa urefu kama kawaida yake, lakini yaliyotoka yalikuwa mafupi.

"Mwalimu, Bibi hakusema. Nilitunga mimi."

Mwalimu aliivuta insha, akaichora mstari mwekundu kutoka juu hadi chini.

"Nafasi ya kwanza ninampa Kifutio," alisema. "Yule alishika matairi siku nne ili apate habari zake. Lakini umekuja mwenyewe, na umekuja kabla ya Jumamosi. Una leo tu. Leta ukurasa mmoja wa kweli, usome baada yake. Na mwanzo wa kusoma, uwaambie watu ulichofanya."

"Watu wote, Mwalimu?"

"Wote. Viti nimevipanga mia mbili."

Jumamosi chumba kipya kilinuka rangi. Kifutio alimsoma golikipa wake vizuri, bila kufuta kitu, na mzee wa pancha alisimama nyuma akijipangusa macho kwa kitambaa chenye grisi. Kisha Chiriku akaitwa. Mbele yake aliketi Bibi na gauni la bluu, na kando yake Radi, mrefu, mvi tupu, vidole vikigonga goti.

"Kwanza," alisema Chiriku, "niliandika uongo juu ya Radi, nikamsingizia bibi yangu. Ule niliuchana. Huu ndio wa kweli. Aliyesema ni Bibi, jana, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili."

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Akasoma.

Alisoma kwamba Radi alipokuwa kijana aliletwa kwa Bibi kujifunza ushonaji, na kwamba hajawahi kutokea mwanafunzi mbaya kama yeye. Alishona suruali akaziba mguu mmoja chini, mteja akaingiza mguu usitokeze. Lakini alipokanyaga cherehani, mdundo wake haukuyumba hata kidogo, na mkasi wake ulikuwa ukigonga meza kuufuata, hadi Bibi akamwambia, "Toka, nenda kapige mahali panapopigwa ngoma!" Akaenda. Baada ya mwaka akarudi, si kujifunza, bali kushonewa shati la jukwaani. Bibi alimpima kama anavyopimwa kila mtu, amesimama, mikono chini. Wimbo wa kwanza tu, Radi akainua mikono, shati likachanika makwapa yote mawili.

"'Kosa lilikuwa langu,'" Chiriku alisoma maneno ya Bibi. "'Nilimpima mtu aliyesimama, wakati yeye si mtu wa kusimama. Nikamwita, nikamwambia inua mikono. Tangu hapo sikumpima tena mikono chini.'"

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha Radi mwenyewe. Alicheka hadi kiti kikalia.

"Fundi!" alisema. "Ile suruali bado unayo?"

"Nilifumua mguu, mwenyewe akaichukua," Bibi alijibu. "Ungejua kufumua, ungekuwa fundi."

Radi aliinuka. "Watoto, nimesoma mengi juu yangu. Kuna gazeti liliandika nilizaliwa nimeshika fimbo za ngoma. Maskini mama yangu! Hakuna lililoandika kwamba kuna mtu alinifukuza kwa upendo. Leo nimesikia maisha yangu, na yamenienea."

Makofi yalipokwisha na watu wakatoka kunywa chai, Bibi alimvuta Chiriku kando ya dirisha.

"Sikiliza. Ukimpamba mtu kwa uongo, unamshonea nguo ya mtu mwingine. Itang'aa, lakini siku akiinua mkono itachanika, na atakayebaki uchi ni yeye. Ukikosea mshono, fumua mwenyewe, tena mapema, kabla mwenye nguo hajatoka nayo mlangoni. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Nani kasema?"

"Bibi yangu," alisema Chiriku. Safari hii ilikuwa kweli.

Radi aliwafuata nyuma. Alitaka shati jipya. Bibi hakuenda popote bila futi kamba; aliitoa mkobani, akampa Chiriku daftari la vipimo na kalamu.

"Inua mikono."

Radi aliinua. Zamani ilifika juu kabisa. Sasa iliishia usawa wa masikio.

"Andikeni tu kile kipimo cha zamani," alisema kwa utani ambao haukufika machoni.

"Utavaa shati la leo," alisema Bibi, akimshika kiwiko taratibu. "Na hapo ulipofikia panatosha kabisa kupiga ngoma. Chiriku, soma."

Chiriku aliinama juu ya futi kamba.

"Mbona Chiriku kanyamaza?" aliuliza Radi.

"Ninaangalia kwanza," alisema. Akaangalia mara ya pili, kisha akaandika.