Waya wa Kuvuka Bonde la Hungod

Asubuhi Inhuyog hufuma vitambaa barazani. Mumewe, Tayaban, hupanda kwenye matuta ya mpunga kuangalia maji. Mama yake Inhuyog, Bibi Immangga, huwamwagia kuku chenga za mchele na kuwagombeza kama wajukuu.

Kijiji chao, Hungod, kiko upande mmoja wa bonde. Barabara na mnara wa mtandao viko upande wa pili. Simu haishiki kijijini. Muuguzi wa zahanati alipotaka kumuuliza daktari jambo, ilibidi ashuke bonde na kupanda mlima wa pili.

Kamati ya kijiji, Tayaban akiwa mwenyekiti, iliamua kuvusha mtandao kwa waya wa nyuzi za kioo. Walinunua waya mwembamba, ule wa kutoa mtandao kwenye nguzo na kuuingiza nyumbani. Wakautundika kutoka nguzo ya umeme ya mlima huu hadi nguzo ya mlima ule. Wakaukaza sana.

"Umenyooka kama rula!" alisifu Pugong, binamu yake Tayaban.

Mtandao ukafanya kazi. Muuguzi akawa anaongea na daktari wa mjini uso kwa uso kwenye kioo cha simu. Kisha ikaja tufani. Upepo uliutikisa waya mpaka ukakatika na kuangukia mpungani.

Siku hiyohiyo Bibi Immangga akabanwa na kifua. Muuguzi alimpigia daktari. Kimya. Wanaume wakambeba bibi kwa machela, mvua ikiwapiga, kwenye njia ya utelezi. Alipona, lakini alilala hospitali muda mrefu.

"Mwenyekiti," Inhuyog alimwambia mumewe, "ule waya wako unafaa kuanikia nguo. Wa wagonjwa tafuta mwingine."

 Maneno yale yalimkaa Tayaban moyoni. Akashuka mjini kwenye ofisi ya umeme, akarudi na Madlaing, fundi wa nyaya, mama wa makamo.

Madlaing alilitazama bonde. "Kaka, mlipima upana wake kabla ya kununua?"

"Tulipima baada ya kununua. Ili tujue pa kukata."

"Hapo ndipo mlipokosea. Kila waya una umbali wake wa kuning'inia. Huu ni wa mita hamsini hivi. Ninyi mmeuvusha mita mia tatu! Unajibeba wenyewe, unabeba maji ya mvua, unapigwa na upepo."

"Si tuweke nguzo katikati?" alisema Pugong. "Waya umebaki mwingi."

"Katikati kuna nini?"

"Mto."

"Ukifurika?"

Pugong alijikuna kichwa. "Unaondoka na nguzo."

"Basi tutafute wenye chuma kinene," alisema Tayaban.

"Uzito ungeweza kuuhimili. Lakini nguzo zenu zina umeme. Chuma kikiwa karibu na umeme kinaweza kumuua fundi. Hapa mnahitaji waya usio na chuma hata kidogo, uliotengenezwa kujibeba wenyewe masafa marefu."

Alitoa kipande mkobani, akakipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele. Zilizungukwa na nyuzi nyingine za manjano, laini.

Inhuyog aliacha kufuma. Akaushika uzi mmoja wa manjano, akauvuta, akautia meno. "Haukatiki! Kumbe hizi ndizo zinazobeba, na kioo kinapita tu ndani."

"Umeelewa kuliko mwenyekiti, dada."

"Hiyo nayo si kazi kubwa."

Tayaban akacheka, mara ya kwanza tangu tufani.

"Hata huu una aina nyingi," Madlaing aliendelea. "Mwambieni muuzaji upana wa bonde na ukali wa upepo wenu. Mwenye kiwanda aandike kwamba waya unavimudu. Na msiukaze. Uacheni ulegee kwa kipimo chake."

"Utaonekana vibaya," Pugong alinung'unika.

"Shemeji, shika kamba hii."

Pugong alishika ncha moja, Tayaban nyingine, wakaikaza. Madlaing akatundika blanketi bichi katikati. Wote wawili wakavutwa mbele, nusura waanguke.

"Sasa legezeni."

Walilegeza kidogo. Mikono ikapumzika, blanketi likabaki juu.

"Na nguzoni msiubane mahali padogo. Kuna vishikio virefu vinavyojizungusha kwenye waya na kuukumbatia. Palipobanwa padogo ndipo ulipokatikia."

Kwenye mkutano wa kijiji wengine walitaka waya uliobaki utumike, maana ule mpya ungechelewa kufika. Inhuyog alisimama.

"Mama yangu mlimbeba ninyi, na ninawashukuru. Nani yuko tayari kumbeba mwingine?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wakasubiri. Waya mpya ulipofika, Madlaing alisimamia kazi mwenyewe.

Mwaka uliofuata tufani ilirudi. Waya ukayumba mchana kutwa. Pugong alikuwa akiutazama mlangoni pake aliposikia binti yake, Aginaya, akipiga kelele. Alikuwa ameumwa na nyoka.

Pugong alimkimbiza zahanati. "Tumbebe mpaka barabarani!" alilia.

"Kwenye mvua hii? Ngoja," alisema muuguzi. Akapiga simu. Uso wa daktari ukatokea. Mama yake Aginaya alikuwa amemuua nyoka yule na kumleta kwenye kapu. Daktari akamtazama vizuri, akalitazama jeraha, akauliza maswali.

"Huyu hana sumu. Osheni jeraha, mlaze mtoto, nami nitakuwa nampigia muuguzi mpaka asubuhi."

Aginaya akaomba viazi vitamu. Pugong aliketi sakafuni, akicheka huku machozi yanamtoka.

"Daktari, usikate kwanza," alisema. "Mama yake anataka kukushukuru."