Kurasa za Marehemu Urbanus

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la jina moja tu. Jumanne saa tatu asubuhi Kalekye alifungua ukurasa unaoeleza jinsi ya kuweka kitufe kwenye dirisha la programu, akakuta chini kabisa pameandikwa: Imeandikwa na Urbanus Kavoi. Na Urbanus walikuwa wamemzika kwao Mwingi mwezi wa tatu.

Akajiambia ni ukurasa uliomponyoka. Akafuta, akaweka jina lake, akahifadhi. Hapo ndipo aliposikia harufu ya dawa ya kuchua kifua ndani ya chumba chake cha kupanga hapo Kawangware 56, Nairobi, na humo ndani hakuna aliyekuwa na kikohozi.

Ngoja niwaambie huyu Urbanus alikuwa nani, maana Kalekye hatawaambia.

Kuna kampuni ya ng'ambo yenye mfumo wa kutengenezea programu za kompyuta: madirisha, vitufe, menyu na kadhalika. Mfumo huo una mamia ya amri, na kila amri ina ukurasa wake: inaitwaje, inataka nini, inarudisha nini, na mfano wa kuonyesha. Ndiyo wanayoyaita maelezo ya API. Amri ikibadilika, ukurasa nao ubadilishwe, la sivyo watu wanapotea. Urbanus aliandika kurasa mia nne na kumi na mbili, peke yake, miaka minne, kwenye chumba chake kule Olympic, Kibera, akikohoa. Hakuweka mfano hata mmoja kabla ya kuujaribu kwa mkono wake. Ndiye aliyemwingiza Kalekye kazini, akamfundisha, akampa na kibodi yake ya zamani, ile ambayo kitufe chake kirefu kilikuwa kikilia mara mbili kila kikiguswa.

Basi kampuni ikasema inataka mtunzaji mmoja wa kudumu wa kurasa hizo, na itamchagua kwa kuangalia nani ameandika nini. Wakati huo Urbanus amelazwa. Kalekye akakaa, akaagiza kompyuta itafute jina la Urbanus kila lilipo na kuweka la kwake. Akabonyeza. Sekunde sita. Miaka minne ya mtu ikaenda kwa sekunde sita, na chai yake haikuwa hata imepoa. Mimi simtetei. Ana mtoto, Yvonne, wa darasa la pili, na anamlea peke yake, sawa. Wangapi wanalea peke yao na hawaibi?

Urbanus aliona, kitandani, kwa simu. Akamtumia ujumbe: "Kalekye, nimeona." Hakuandika lingine. Kalekye hakujibu, na wiki tatu baadaye akavaa nguo nyeusi kwenda kulia mazishini, tena alilia kuliko dada za marehemu.

Sasa turudi kwenye wiki ile. Kufikia Alhamisi jina lilikuwa limerudi kwenye kurasa tisa, na kila alipolifuta lilirudi kwenye zingine. Ijumaa likatoka nje ya kompyuta. Gathoni, mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, alipita mlangoni na ndoo yake.

"Urbanus, niaje. Gari ya taka inakuja leo, toa yako."

"Umeniitaje?"

"Si jina lako? Ama siku hizi una lingine?" Gathoni akacheka, akaenda zake.

Jioni alifungua daftari la shule la Yvonne ili atie sahihi. Mahali pa jina la mzazi, mwalimu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake safi: Urbanus Kavoi. Kalekye akaketi kitandani na daftari mapajani.

Jumamosi mchana stima zikapotea ploti nzima. Redio za majirani zikanyamaza, kompyuta ikazimika, na katika kimya kile Kalekye akasikia tak-tak, akafikiri ni maji, akasikia tena tak-tak, akainua macho polepole hadi juu ya kabati, mahali alipoiweka kibodi ya Urbanus tangu mazishi, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na waya wake umezungushwa, haijaunganishwa na chochote, na mfuko ule ulikuwa ukibonyea na kuinuka, ukibonyea na kuinuka, kama kuna vidole vinavyoandika sentensi ndefu bila haraka, na kati ya sentensi na sentensi kulikuwa na pumziko la mtu anayekohoa mdomo ukiwa umefungwa.

"Mum," Yvonne akanong'ona, "nani anataipu?"

"Nyamaza."

"Kunanuka Anko Urbanus."

Kalekye akamshika mkono, wakatoka bila kufunga mlango.

Walienda Kibera, Soweto East, kwenye zile fleti za serikali, kwa Mama Kaluki anayeuza makaa pale chini na kuganga watu kule juu, orofa ya nne. Mama huyo wa Kitui alimsikiliza hadi mwisho huku akijitoa vumbi la makaa kwenye kucha.

"Huyo si Urbanus," akasema kwa sauti ya chini. "Urbanus amelala, maskini, hana shida na wewe. Wewe ulitoa jina la mtu mahali pake ukalitupa, na mwenyewe bado anapumua. Jini limeliokota, likalivaa. Sasa lina jina, linatafuta nyumba."

"Nifanye nini, mama?"

"Rudisha jina pale ulipolitoa. Kurasa zote. Halafu waambie hao wazungu wako ni kazi ya nani."

"Nitapoteza kazi."

"Najua. Umenisikia lakini? Zote. Ukirudisha zote, litabaki uchi, litaondoka. Ukiacha hata moja, litabadilishana na wewe. Litachukua la kwako, likuachie hilo la marehemu."

Usiku huo huo, stima ziliporudi, Kalekye alirudisha. Kwa kweli alirudisha, tena mmoja mmoja kwa mkono, na alilia akisoma jinsi yule kaka alivyoeleza kila kitu kwa upole. Kurasa mia nne na kumi na moja. Akafika ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa kukaribisha wageni, ambao kampuni huufungua kabla ya zingine zote. Mkono ukasita. Barua ya kazi ile ya kudumu ilikuwa itoke Jumatatu. Akawaza karo, akawaza viatu vya Yvonne, akawaza kwamba ukurasa mmoja si kitu, kwamba ataurudisha Jumanne. Barua kwa kampuni nayo hakuiandika.

Jumapili ilipita shwari. Hakuna harufu, hakuna sauti, na Gathoni alimwita Kalekye vizuri kabisa. Kalekye aliimba akifua nguo.

Jumatatu saa tisa unusu, Yvonne alitoka shule. Kalekye alikuwa amesimama pale mlangoni pa chumba chao akimngoja, mikono wazi. Mtoto akasimama mbali kidogo, mkoba mgongoni, akamtazama usoni, akamsalimia kwa adabu.

"Sasa, Anko Urbanus. Si walisema umekufa?"

"Yvonne, ni mimi." Ndivyo alivyotaka kusema. Kilichotoka ni kikohozi, kirefu, cha kifua kilichojaa, na alipoziba mdomo aliona mkono wa mwanamume, umekonda, una alama ya sindano ya hospitali.

"Mamangu yuko?" mtoto akauliza.

Nyuma ya pazia, ndani ya chumba, kibodi iliyokuwa ikilia tak-tak ikanyamaza.

"Niko hapa, mwanangu," ikajibu sauti ya Kalekye, sauti yake mwenyewe, tamu, ya mtu aliyepata habari njema. "Mpite tu huyo, usimsalimie. Kuja uone, barua ya kazi imefika. Nimeshaijibu."

Yvonne akampita, akaingia. Pazia likafunguliwa kidogo kwa ndani, likafungwa.